Mkono wa Klachi Katikati: Mbinu za Kuingia Rwanda kwa Pikipiki

Ukitoka Tanzania kwenda Kigali kwa njia ya Rusumo, unaufikia Mto Kagera ukiwa umeshika kushoto, na ng'ambo ya pili sheria inakutaka ushike kulia. Anayekodi gari Kigali hukumbushwa na usukani: akikaa tu anaona uko upande asiouzoea. Pikipiki haikumbushi mtu. Klachi iko palepale, breki ya mbele palepale, gia mguu uleule. Mwili unaendelea kuamini kwamba uko nyumbani, na hapo ndipo hatari inapoanzia.

Hali ni hiyohiyo kwa anayeingia Burundi kupitia Kabanga, anayetoka Uganda kupitia Katuna, au anayevuka Mpondwe kwenda Kasindi, Kongo. Anayekwenda Zambia kupitia Tunduma au Malawi kupitia Kasumulu hana kazi hii, kwa kuwa huko nako hushika kushoto.

Kabla ya mpaka

Beba pasipoti, leseni yenye daraja la pikipiki na kadi ya pikipiki. Kama jina kwenye kadi si lako, pata barua ya mwenye chombo inayokuruhusu kukivusha. Bima yako ya Tanzania haikulindi ng'ambo, hivyo mwombe wakala wako Kadi ya Njano ya COMESA. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000, lakini imebaki katika mpango huo wa bima. Kadi hiyo hulipia madai ya watu wengine utakaowadhuru pamoja na matibabu ya dharura ya aliyekuwa kwenye chombo.

Mizigo usiifunge kwa mifuko ya plastiki. Rwanda iliipiga marufuku tangu 2008 na hukaguliwa mpakani. Tumia turubai au begi lisilopitisha maji.

Rusumo ni kituo cha pamoja kilichozinduliwa rasmi mwaka 2016: maofisa wa nchi mbili hukaa jengo moja, nawe unamaliza taratibu zote upande unaoingia. Usiondoke hapo kwa haraka. Kunywa maji, tazama magari mengine yanavyotoka, kisha ingia barabarani.

Kanuni moja ya kushika

Tanzania, mstari wa katikati huwa upande wa mkono wako wa mafuta. Rwanda, uwe upande wa mkono wa klachi. Jiambie hivyo kila unapoanza: mkono wa klachi katikati, mkono wa mafuta pembeni. Ni rahisi kuliko kuwaza kushoto na kulia, kwa sababu mikono hiyo unaitumia kila sekunde. Bandika kipande cha utepe mwekundu kwenye tangi, mahali jicho litakapokutana nacho ukiwasha injini.

Nyakati tatu za kosa

Kilomita za kwanza huwa salama, maana umekaza akili. Kosa huja ukishazoea.

Wakati wa kwanza ni kuondoka baada ya kusimama. Umeweka mafuta sheli, umekunywa chai, barabara ni tupu, hakuna gari la kufuata. Mwili unachagua kushoto. Kabla ya kuachia klachi, sema kanuni kwa sauti.

Wa pili ni kona baada ya njia nyembamba. Ukitoka kwenye barabara ya vumbi ambako kila mtu hupita katikati, hakuna mstari wa kukuongoza. Ukifika lami, simama kabisa, kisha chagua upande.

Wa tatu ndio mbaya zaidi: kushtuka. Gari likitokea ghafla mbele yako, mkono uliozoea Tanzania hukimbilia kushoto, yaani katikati ya njia ya wanaokuja. Dawa ni kupunguza mishtuko yenyewe: punguza mwendo kwenye kona usiyoiona mwisho wake, na uzoee kufunga breki kwanza kabla ya kukwepa. Kimbilio lako sasa ni ukingo wa kulia.

Makutano na kiplefti

Kukata kulia sasa ndiyo kona fupi. Kukata kushoto ndiko kunakovuka njia ya wanaokuja. Ukikata kushoto, lenga upande wa mbali wa barabara unayoingia na uzunguke katikati ya makutano. Ukiikata kona kwa ufupi kama ulivyozoea, utakutana uso kwa uso na gari.

Kwenye kiplefti magari huzunguka kinyume na ya kwetu: unaingia kwa kulia na kisiwa kinakaa kushoto kwako. Wa kuwaangalia wanatokea kushoto. Unapovuka kwa miguu pia, shingo ianzie kushoto.

Kulipita lori

Kutoka Rusumo hadi Kigali ni kama kilomita 160, kupitia Kibungo, Kayonza na Rwamagana, na njia hiyo hubeba malori ya transiti yanayotoka bandari ya Dar es Salaam. Sasa unalipita lori kwa kushoto kwake, hivyo kioo cha kushoto ndicho cha kutazama kwanza. Kiweke sawa kabla ya safari, maana wengi wetu tumezoea kutegemea cha kulia.

Angalia namba za lori. La Tanzania likiwa na usukani kulia, dereva wake anakaa upande wa ukingo, na kushoto kwake, unakotaka kupita, ndiko anakoona kidogo. Piga honi, washa indiketa, na usikae sambamba naye: pita mara moja au rudi nyuma. Na dereva huyohuyo akitaka kulipita lori lingine, hana budi kutoa pua nje kabla ya kuona mbele. Ukiona malori mawili yamefuatana yanakujia, kaa karibu na ukingo wako na upunguze mwendo.

Milima

Rwanda ni kona na miteremko. Ukishuka, tumia gia ileile ambayo ungepandia, uache injini ishike. Breki inayobanwa mteremko mzima hupata moto na kulegea. Kona ya kulia sasa ni ya ndani na mara nyingi imezibwa na kilima, hivyo kaa katikati ya njia yako. Kwenye kona ya kushoto usikaribie mstari wa kati, kwa kuwa ukilala kichwa chako kitatangulia kwenye njia ya wengine.

Kuegesha

Jambo hili wengi hulijua baada ya pikipiki kuanguka. Stendi ya pembeni iko kushoto. Nyumbani ukiegesha ukingoni, lami inainama kushoto, pikipiki inalalia stendi vizuri. Rwanda ukingo unainama kulia: pikipiki inasimama wima mno, na upepo wa lori unatosha kuiangusha mtaroni. Tafuta mahali tambarare au tumia stendi ya kati. Tena, ukishukia kushoto kama kawaida, mguu unakanyaga njia ya magari. Tazama kioo kwanza, au shukia kulia.

Saa na giza

Rwanda iko nyuma ya Tanzania kwa saa moja. Ukivuka saa nane mchana, simu itasoma saa saba, nawe utadhani umeongezewa muda. Jua halibadiliki: Kigali huzama karibu saa kumi na mbili jioni mwaka mzima, na nusu saa baadaye ni giza. Kwa kona zile na mvua ikiwepo, tenga saa nne kutoka Rusumo. Kama umemaliza mpakani saa tisa ya Rwanda, lala Kibungo.

Utaratibu wa wenyeji

Kofia ngumu ni lazima kwa dereva na abiria, na abiria ni mmoja tu. Kamera za mwendo ni nyingi, hivyo fuata kibao na si gari la mbele. Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni umuganda, kazi ya jamii, na kuanzia saa mbili hadi saa tano asubuhi usafiri husimama sehemu kubwa ya nchi. Panga kuondoka baada ya hapo. Ikitokea ajali, piga 112 kwa polisi au 912 kwa gari la wagonjwa. Kiswahili ni lugha rasmi Rwanda tangu 2017, basi zungumza bila hofu.

Kurudi

Wiki moja Kigali inatosha kuzoea kushika kulia, na hapo kazi inageuka. Ukivuka Kagera kurudi, toa utepe kwenye tangi uuhamishie kwenye kioo cha kulia, na useme kanuni kinyume: mkono wa mafuta katikati. Endelea kuisema hadi umepita Benaco na kusimama angalau mara mbili. Nyumbani hakuna anayetarajia ukosee upande, kwa hiyo hakuna atakayejiandaa kukukwepa.