FUNDI, MTEJA HAELEWI RAMANI? MTENGENEZEE UKUTA MDOGO WA MAWE AUONE

Somo la leo ni la mafundi uashi wa Rubwera, Kayanga, Omurushaka na kwingineko.

Wateja wengi hawasomi ramani. Unamwambia "uzio wa mawe mita mbili", anaitikia tu, halafu ukuta ukisimama anasema sivyo alivyotaka. Hapo hela inagoma kutoka. Dawa yake ni modeli: ukuta mdogo wa kuweka mezani, auone kabla hujachimba msingi.

SIRI NI SKELI
Tumia 1:20, yaani kila kipimo gawa kwa 20. Ukuta wa mita 2 unakuwa sm 10. Jiwe la sm 30 linakuwa sm 1.5. Nafasi ya saruji ya sm 2 inakuwa milimita 1. Wengi wanakosea hapa: ukuta wanaupunguza, mawe wanayaacha makubwa. Mteja akija kuona ukuta halisi, anahisi umemdanganya.

Wazungu wanaotengeneza reli za mezani hutumia sana 1:87. Kwao jiwe hilohilo halifiki hata milimita 4! Wewe baki na 1:20, inaonekana vizuri.

MAHITAJI
Boksi gumu, trei za mayai za karatasi, gundi nyeupe ya mbao, rangi ya maji, brashi, kitambaa na masalia ya kahawa. Gundi ya unga wa muhogo achana nayo, inaita panya na wadudu.

HATUA
1. Kata boksi kwa kipimo cha ukuta wako.
2. Chana trei kwa mkono upate vipande vya sm 1 hadi 2. Mkasi unaacha kingo zilizonyooka, na jiwe la kweli haliko hivyo.
3. Bandika kuanzia chini, makubwa yatangulie. Maungio yasifuatane kwenye mstari mmoja wa wima. Funga kama unavyojenga site. Mteja anayejua ujenzi ataliangalia hilo kwanza.
4. Acha ikauke kabisa. Msimu wa mvua usiharakishe.
5. Paka rangi ya mawe, lakini changanya aina tatu. Mawe yote yakifanana, yanaonekana ya plastiki.
6. Rangi ikikauka, pitisha rangi nyeusi iliyozimuliwa kwa maji mengi, kisha futa haraka kwa kitambaa. Weusi unabaki kwenye nafasi, mawe yanajitokeza.
7. Chini ya ukuta mwaga gundi, nyunyiza masalia ya kahawa yaliyokauka. Huo ndio udongo wako, na huku kwetu kahawa haikosekani. Yakiwa mabichi yataota ukungu.

Mwisho, kata mtu wa boksi mwenye urefu wa sm 8.5 (ndiye mtu wa mita 1.70) umsimamishe pembeni. Mteja ataelewa urefu wa uzio bila maelezo mengi.

SASA HELA
Modeli ni kazi, usiitoe bure. Tuseme vifaa ni 6,000, saa 8 kwa 2,500 ni 20,000, bodaboda 4,000. Jumla 30,000. Mwambie hivi: "Bosi, hii unalipia kwanza. Ukinipa kazi, naitoa kwenye bili ya mwisho." Aliye serious atalipa. Anayetaka kukuchosha utamjua mapema.

Na jambo kubwa: modeli ni ahadi. Usipake mawe ya kijivu wakati unajua utaleta mekundu. Weka jiwe halisi pembeni, andika skeli kwenye kitako, kubalianeni, mpige picha wote wawili. Siku kukitokea ubishi, picha itaongea.

Mtumie fundi mwenzako naye ajifunze. Kazi njema!