NAFASI YA KWANZA GOOGLE HAIUZWI: Somo nililolipia kwa hela yangu

Leo naomba dakika zako tano, hasa wewe ambaye umeacha kutegemea status peke yake na umefungua tovuti ya duka lako. Kaa mkao wa kusoma, hili limenitoa machozi.

Mimi nauza mashuka na mapazia. Mzigo nachukua Kariakoo, nauza mtandaoni. Mwaka juzi, kama miezi miwili kabla ya Idi, kijana mmoja alinifuata DM: "Dada, duka lako zuri lakini Google halionekani. Nipe laki moja na nusu, ndani ya wiki mbili uko ukurasa wa kwanza." Nikapiga hesabu, ni hela ya mashuka matano tu. Nikatuma, na password ya tovuti nikampa.

Na kweli, wiki ya tatu nikiandika "mashuka Dar es Salaam" najiona juu. Simu zikaanza kuita. Nikapata moto, nikakopa kwenye kikoba chetu, dada yangu mkubwa akanidhamini, nikajaza mzigo wa sikukuu.

Wiki mbili kabla ya Idi simu zikakata. Nilidhani ni mtandao. Mteja wangu wa zamani ndiye aliyenishtua: "Mbona nimeandika jina la duka lako Google silioni?" Nikaandika mwenyewe. Hamna kitu! Yule kijana nikimpigia, hapatikani. Mzigo ukalala ndani, na marejesho ya miezi miwili akalipa dada yangu kwa hela ya ada ya mwanawe.

Ndiyo maana naandika hapa. Sijasoma chuo, mimi ni form four tu, lakini haya nimejifunza kwa kuumia.

GOOGLE INAPANGAJE?

Google wana programu zinazozunguka intaneti zikisoma kurasa na kuziweka kwenye kumbukumbu yao. Mtu akitafuta kitu, wanachagua zipi zikae juu. Larry Page na Sergey Brin walipoanzisha kampuni mwaka 1998, wazo lao kubwa lilikuwa hili: tovuti nyingine ikiweka linki ya kuja kwako, ni kama imekupigia kura. Ni kama mtaani tu. Fundi anayetajwa na watu wanaoaminika ndiye unayempelekea kitambaa chako.

Sasa watu wakaanza kununua kura. Google nao wakaanza kusaka kura feki. Mwaka 2011 walileta mabadiliko yaitwayo Panda, yakabana kurasa zisizo na maana. Aprili 2012 ikaja Penguin, ikabana linki za ujanja. Tangu hapo wanazidi kukaza.

Shika hili: nafasi ya kawaida Google haiuzwi. Kinachouzwa ni tangazo, nalo huandikwa wazi kuwa limedhaminiwa. Ukiacha kulipa, linatoka. Basi.

NJIA ZA MKATO ALIZONIFANYIA

1. Linki za kununua. Nilikuta mamia ya linki zinazokuja kwangu kutoka tovuti za kamari na nyingine za lugha nisizozijua. Jiulize, mtu wa kamari na shuka langu wapi na wapi? Google nao wanajiuliza hivyo hivyo.

2. Maandishi ya kujificha. Chini ya ukurasa aliandika "mashuka bei rahisi mashuka cotton mashuka 6x6" mara nyingi sana, kwa rangi nyeupe juu ya nyeupe. Mteja haoni, programu ya Google inasoma. Zamani ilifanya kazi, leo ni kujichongea.

3. Kurasa za kunakili. Alitengeneza kurasa arobaini: mashuka Sinza, mashuka Tegeta, mashuka Mbagala. Maneno yale yale, kabadilisha jina la mtaa tu. Mteja akifungua hakuna jipya.

4. Nyota za kununua. Hii aliniambia niongeze hela, nashukuru sikuwa nayo. Maoni feki Google wanayakataza na wanayafuta, na mteja akigundua umejisifia mwenyewe harudi tena.

Siku hizi kuna na hii ya kumwaga makala mia kwa akili bandia bila kuzipitia. Machi 2024 Google walikaza sheria juu ya kurasa zinazozalishwa kwa wingi ili kupanda tu. Kutumia akili bandia kukusaidia kuandika si kosa. Kosa ni kumwaga takataka.

USIDHANI WAKUBWA WANAACHWA

Februari 2006 Google waliitoa tovuti ya BMW ya Ujerumani, kwa sababu ilikuwa na kurasa zilizojazwa maneno kwa ajili ya Google huku mteja akipelekwa kwingine. Mwaka 2011 gazeti la New York Times liliandika kuhusu J. C. Penney, duka kubwa la Marekani, lililokuwa na maelfu ya linki za kulipiwa. Google walipochukua hatua, kwenye utafutaji wa begi moja la safari duka lilitoka namba 1 hadi namba 71 ndani ya saa mbili. Kampuni ilisema haikujua, ikamfukuza aliyekuwa akiifanyia kazi hiyo. Lakini adhabu ilikula tovuti yao, si ya fundi.

Wale wana maduka mengine na hela ya kusubiri. Mimi na wewe tuna rejesho Jumamosi.

NILIVYOJINASUA

Kwanza nilibadilisha password zote. Pili nikajiunga Google Search Console, ni bure kabisa. Huko nikakuta taarifa kwamba tovuti yangu imeadhibiwa, na sababu imeandikwa. Nikafuta maandishi ya kujificha na zile kurasa. Linki nilizoweza kuomba ziondolewe niliomba, zilizobaki nikawapelekea Google orodha kwamba nazikana. Kisha nikaandika ombi la kuangaliwa upya, nikaeleza ukweli wote.

Ombi la kwanza lilikataliwa, kumbe nilisahau kurasa sita. La pili likakubaliwa baada ya wiki kadhaa. Kurudi kwenye matokeo ilichukua miezi. Idi ilishapita zamani.

KINACHOFANYA KAZI KWELI

Andika wanachouliza wateja. Fungua WhatsApp yako uone. Mimi naulizwa kila siku "linachuja?", "6x6 linafika chini?", "mkoani mnatuma na basi gani?" Majibu hayo nikayaweka kwenye ukurasa wa kila bidhaa, pamoja na bei na vipimo. Huo ukurasa mmoja umenifaa kuliko zile arobaini.

Piga picha zako mwenyewe, zipunguze ukubwa zifunguke haraka. Mteja wetu anahesabu bando.

Sajili duka lako kwenye Google Maps, ni bure. Weka namba ya simu na saa za kazi za kweli. Mteja aliyeridhika mwombe aandike maoni kwa maneno yake, usimhonge.

Tafuta linki za heri. Mimi fundi wangu wa mapazia alinitaja kwenye tovuti yake kwa sababu kweli tunafanya kazi pamoja. Moja kama hiyo inatosha kuliko mia za kamari.

Halafu vumilia. Mabadiliko mengine huonekana baada ya miezi.

UKITAKA KUMLIPA MTU, MUULIZE HAYA

Utabadilisha nini kwenye tovuti yangu, hatua kwa hatua? Linki zitatoka wapi? Password na jina la tovuti vitabaki mikononi mwangu? Je, unanihakikishia namba moja?

Kwenye hilo la mwisho akijibu "ndiyo", mwage. Google wenyewe wanasema hakuna anayeweza kuhakikisha namba moja. Wapo mafundi wazuri na waaminifu, na utawajua kwa kuwa hawaogopi maswali.

KAZI YA LEO

Nenda Google, andika site: halafu anwani ya tovuti yako bila kuacha nafasi. Utaona kurasa zako ambazo Google wanazo. Ukikuta ukurasa usioujua, usilale, ufuatilie.

Deni la dada nimemaliza kulirudisha mwezi wa tatu mwaka huu. Duka lipo ukurasa wa pili kwa "mashuka Dar es Salaam", na kwa "shuka la 6x6 lisilochuja" lipo juu. Nimefika kwa miguu yangu, hakuna wa kunishusha usiku mmoja.

Kama kuna mwenzako anataka kutuma hela kwa mtu wa DM leo, mtumie hili kabla hajabonyeza namba ya siri.