Je, Aliye Tumboni Amehesabiwa?

SOMO LA WIKI
Andiko la msingi: Zaburi 139:13–16
Soma pia: Hesabu 1:1–3 na 3:14–15, Luka 1:39–56, Kutoka 1:15–21



Jumatano moja baada ya somo la Biblia, dada mmoja wa hapa kanisani alinisubiri mlangoni mpaka watu wote wakaondoka. Akaniuliza, "Pasta, si Katiba inasema mtoto ni mtu tangu mimba inapotungwa? Sasa mbona wangu hana hata karatasi?"

Mimba yake ilikuwa imetoka ikiwa na miezi mitano. Hospitalini alitia sahihi fomu, akapewa dawa, akarudi nyumbani kwa matatu. Hakukuwa na jina, cheti wala mazishi. Na sisi kanisa hatukwenda. Mtu akifiwa tunajua la kufanya: tunachanga, tunabeba sukari na majani chai, tunaimba usiku. Lakini kwake hakuna aliyejua kama kuna matanga au hakuna.

Sikuwa na jibu. Nilimwombea, nikamwahidi nitarudi na jibu. Somo hili ndilo jibu hilo, na ninakiri limechelewa.

1. SHERIA ZETU ZINAHESABU VIPI?

Wengi tunadhani hili ni swali la ndiyo au hapana. Lakini ukifungua sheria za Kenya utakuta majibu zaidi ya moja.

Katiba tuliyoipigia kura tarehe 4 Agosti 2010 inasema, katika Kifungu cha 26, kwamba uhai wa mtu huanza mimba inapotungwa. Kifungu hicho hicho kinakataza kutoa mimba, isipokuwa pale mtaalamu wa afya aliyehitimu anapoona kuna haja ya matibabu ya dharura, au uhai au afya ya mama iko hatarini, au sheria nyingine iliyoandikwa inaporuhusu.

Sheria ya urithi nayo inamtambua. Baba akifariki mama akiwa mjamzito, neno "mtoto" katika sheria hiyo linamjumuisha aliye tumboni, mradi baadaye azaliwe akiwa hai. Kwa maneno mengine, shamba linaweza kumngoja.

Lakini sheria ya makosa ya jinai, ambayo mizizi yake ni ya enzi za ukoloni, inasema mtoto anakuwa mtu anayeweza kuuawa, yaani kwa hesabu ya kesi ya mauaji, akishatoka mwilini mwa mama akiwa hai. Hata hivyo, sheria hiyo hiyo inaweka kifungo cha hadi maisha kwa anayemzuia mtoto kuzaliwa hai wakati mama yuko karibu kujifungua. Na mwanamke mjamzito akipatikana na kosa la kunyongwa, anapewa kifungo cha maisha badala ya kifo. Mtoto hajapewa jina la mtu, ila tayari amekingwa.

Usajili wa vizazi na vifo una mstari wake pia: kuzaliwa kunahesabiwa baada ya wiki ya 28 ya ujauzito, mtoto awe hai au amefariki. Hapo ndipo dada yetu alipokwama. Mtoto wake hakufika kwenye mstari.

Kisha kuna sensa. Usiku wa tarehe 24 Agosti 2019 tulihesabiwa, tukawa watu 47,564,296. Mama aliyekuwa na mimba ya miezi tisa usiku ule aliandikwa mtu mmoja.

2. BIBLIA INAHESABU VIPI?

Kabla hujakasirikia karani wa sensa, fungua kitabu cha Hesabu. Katika sura ya kwanza Mungu anamwagiza Musa kuhesabu wanaume wa miaka 20 na zaidi, wanaoweza kwenda vitani. Katika sura ya tatu Walawi wanahesabiwa kuanzia mtoto wa kiume wa mwezi mmoja. Je, kijana wa miaka 19 hakuwa mtu? Mama yake naye? Kila hesabu ya serikali ina kazi yake, iwe ni kupanga jeshi, kugawa zamu za hema, au kujenga shule na barabara. Hakuna orodha ya sensa iliyowahi kupima thamani ya nafsi.

Sasa linganisha na Zaburi 139. Daudi anamwona Mungu kama fundi anayemfuma mtoto tumboni mwa mama yake. Anasema macho ya Mungu yalimwona akiwa bado hajakamilika, na kwamba siku zake zilikuwa zimeandikwa kabla haijafika hata moja. Ziliandikwa wapi? Katika kitabu cha Mungu. Dada yangu, kama unasoma hapa, hilo ndilo jibu langu la kwanza: kuna daftari moja ambalo halisubiri wiki ya 28. Mtoto wako yumo.

Ushahidi mwingine uko kwa Luka, ambaye alikuwa tabibu. Anapoandika kuhusu Yohana kuruka tumboni mwa Elisabeti, neno la Kiyunani analotumia kwa mtoto ndilo analotumia sura inayofuata kwa mtoto Yesu aliyelazwa horini. Kwa Luka, mtoto aliye ndani na aliye nje ni mtoto yule yule.

Kuna watakaokuuliza kuhusu Kutoka 21:22–25, pale wanaume wanapopigana na kumuumiza mwanamke mjamzito. Wasomaji wa Maandiko hawajaelewana kama Musa anazungumzia mtoto aliyezaliwa mapema au mimba iliyoharibika. Mimi sitajenga nyumba juu ya andiko moja lenye ubishi. Lakini angalia jambo moja: aliyesababisha madhara hakuachwa aende zake bure. Alifikishwa mbele ya waamuzi.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: naam, sheria imhesabu aliye tumboni. Nashukuru Mungu kwa sentensi ile ya Katiba. Lakini somo haliishii hapo.

3. KILA INGIZO LINA UPANDE WA PILI

Chuoni nilisomea biashara. Mwalimu wetu wa uhasibu alitufundisha jambo la kwanza kabisa: huwezi kuandika upande mmoja wa daftari. Ukinunua friji ya duka, upande mmoja unaandika friji, upande wa pili unaandika pesa zilizotoka au deni ulilochukua. Ukiandika friji peke yake, hesabu haitakubali. Mkaguzi akija atauliza, "Hii imelipwa na nani?"

Wapendwa, sisi tumeandika kwa herufi kubwa, "Mtoto aliye tumboni ni mtu." Vizuri kabisa. Upande wa pili tumeandika nini? Nani anambeba? Nani analipa nauli ya kliniki? Nani anampa huyo mama kazi, au anamfuta?

Mwaka wa 2010 nilikuwa mwanafunzi. Mnakumbuka kura ile ya maoni: kijani kwa Ndiyo, nyekundu kwa Hapana. Makanisa mengi, letu likiwemo, yalikuwa upande wa nyekundu, na sababu mojawapo ilikuwa lile neno "isipokuwa" katika Kifungu cha 26. Nilizunguka na vijana wenzangu nyumba kwa nyumba. Ndiyo ilishinda kwa zaidi ya theluthi mbili ya kura, nikalala na uchungu.

Miaka michache baadaye nilikuwa kiongozi wa vijana katika kanisa nililokuwa nikihudumu wakati huo. Msichana mmoja wa timu ya sifa alipata mimba. Tulikaa kikao. Aliondolewa kwenye timu, akawekwa chini ya nidhamu, akaambiwa akae viti vya nyuma. Mimi niliinua mkono kukubali. Kijana aliyehusika aliendelea kupiga kinanda, kwa sababu yeye hakuwa na tumbo la kuonekana. Baada ya Jumapili mbili yule msichana hakurudi. Hatukumfuata.

Hadi leo sijui kama mtoto yule alizaliwa.

Nilikuwa nimetembea jua kali nikitetea mtoto aliye tumboni kwenye karatasi ya kura. Alipokuja mwenye jina, ndani ya msichana niliyemjua, nilimpa mama yake sababu ya kuogopa. Niliandika upande mmoja wa daftari. Nimetubu kwa Mungu, na leo natubu mbele yenu.

Hata serikali ilitutangulia hapa. Tangu 1994 kumekuwa na sera ya kumruhusu msichana aliyejifungua kurudi shuleni. Shule inamfungulia lango, halafu kanisa linamfungia mlango? Hapana, hesabu hiyo haikubali.

4. MAMA NAYE NI MTU

Sensa ile ya 2019 ilionyesha pia kwamba kwa kila watoto 100,000 wanaozaliwa hai, akina mama 355 wanafariki. Hawa nao wameandikwa katika kitabu cha Mungu.

Kwa hiyo niseme wazi, maana nimesikia mafundisho yanayoumiza watu. Mimba inaweza kutunga nje ya kizazi, na mama akavuja damu ndani kwa ndani. Mama mjamzito akiwa na maumivu makali ya tumbo, akizimia, akitokwa na damu, au akipata kifafa cha mimba, mpeleke hospitali mara moja. Maombi yafanyike mkiwa njiani, kwenye boda au kwenye gari. Mtu asimwambie hana imani. Daktari anayepigana kumwokoa mama anapigania uhai, na ndiyo maana ile "isipokuwa" ya Katiba, niliyoipinga kijana, leo naisoma kwa utulivu zaidi. Itumike kwa kweli, isiwe mlango wa hila, lakini isifutwe.

Na kuhusu karatasi ya dada yetu, ombi langu kwa wanaotunga sheria ni hili: mzazi anayetaka kumwandikisha mtoto aliyetoka kabla ya wiki ya 28 apewe nafasi hiyo bila kulazimishwa. Na mama yeyote ambaye mimba yake imetoka asifanywe mshukiwa, akaitwa polisi kujieleza juu ya msiba wake. Tukimhesabu mtoto kwa kumtesa mama, tumerudi kwenye daftari la upande mmoja.

5. NYUMBA YA ELISABETI

Mariamu alipobeba mimba hakuwa bado amekaa na Yusufu. Yusufu mwenyewe, mtu wa haki, alikuwa anawaza kumwacha kwa siri. Mariamu alikwenda wapi? Alipanda milimani mpaka nyumbani kwa Elisabeti.

Elisabeti hakuanza kwa kuuliza ni ya nani, na mahari imefika wapi. Alipaza sauti akambariki mama, akambariki na aliye tumboni, hao wawili kwa pumzi moja. Kisha akamkaribisha, na Mariamu akakaa kama miezi mitatu. Huyo ndiye binadamu wa kwanza tunayesoma kwamba alimheshimu Bwana wetu akiwa bado tumboni, na alifanya hivyo kwa kufungua mlango, kuweka chakula mezani na kutoa kitanda. Hakuwa na kiti bungeni. Alikuwa na nyumba.

Farao naye alitoa amri rasmi, lakini wakunga Shifra na Pua walimcha Mungu kuliko Farao, na watoto wakaishi. Sheria ni muhimu, lakini mtoto huokolewa na mikono ya mtu aliye karibu.

6. TUFANYE NINI?

Mwajiri, wewe mwenye duka, saluni au shule: Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mama miezi mitatu ya likizo kwa mshahara kamili, na baba wiki mbili. Kumfuta mtu kwa sababu ya mimba ni kuvunja sheria. Dada wako wa kazi za nyumbani naye ni mfanyakazi.

Baba, enda kliniki pamoja na mkeo. Kijana, ukihusika, jitokeze.

Wazazi, binti akija na habari hii, usiku huo wa kwanza usiongee ukiwa na hasira. Maneno ya usiku huo ndiyo yanaamua atakimbilia wapi.

Kanisa, mimba ikitoka kwa ndugu yetu, twende. Tubebe sukari na majani chai kama tunavyobeba kwingine. Akitaka kumpa mtoto jina, tulitaje katika maombi. Na wazee wameshakubali tuanze mfuko mdogo wa akina mama wajawazito. Mama wa kanisa atatoa maelezo Jumapili.

MASWALI YA KIKUNDI CHA NYUMBANI

1. Ni hesabu gani katika Biblia iliyowaacha watu nje, na bado Mungu aliwathamini?
2. Msichana wa kikundi chenu akipata mimba leo, atakuja kwetu au atatukimbia? Kwa nini?
3. Kuna mama kati yenu aliyepoteza mimba na hamkumtembelea? Mtaenda lini?

SALA

Baba, wewe uliyetuona kabla hatujaonekana, tusamehe kwa wale tuliowatetea kwa midomo na kuwafungia milango. Wafariji mama na baba waliopoteza. Popote alipo yule tuliyemweka viti vya nyuma, mwonee huruma, yeye na mtoto wake. Ufanye nyumba zetu kuwa nyumba za Elisabeti. Katika jina la Yesu, Amina.