Kulala Holili, Kufanya Kazi Taveta: Somo kwa Wakazi wa Kata za Mpakani

Anayetaka kuijua kata ya mpakani na asimame kando ya barabara ya Holili saa kumi na moja alfajiri. Siku za Jumatano na Jumamosi atawaona akina mama na mikungu ya ndizi wakiwahi soko la Taveta. Hao wanajulikana na wameandikwa sana. Lakini siku zote za juma, soko liwepo au lisiwepo, wapo wengine wanaopita kimya wakiwa na mfuko mdogo mkononi: mhudumu wa hoteli, fundi mwashi, msaidizi wa nyumbani, kibarua wa shamba, kinyozi. Hawa hawana bidhaa ya kuonyesha. Wanachokiuza ng'ambo ni kazi ya mikono yao, na jioni hurudi kulala kwao, upande huu wa Tanzania. Somo la toleo hili ni lao.

Sababu ya kuliandika ni mama mmoja aliyefika ofisini kwetu mwaka uliopita, mkono wake wa kulia ukiwa na kovu kutoka kiganjani hadi kwenye kiwiko. Alikuwa mpishi katika hoteli ndogo ng'ambo ya mpaka kwa zaidi ya miaka miwili. Siku moja karai la mafuta ya moto lilimwagika. Mwenye hoteli alimpa nauli ya bodaboda na fedha za dawa za juma la kwanza, kisha akaajiri mwingine. Mama huyo hakuwa na mkataba wala hati ya malipo, na pasipoti yake haikuwa na muhuri hata mmoja, kwa kuwa alizoea njia ya panya iliyo karibu na nyumbani kwake. Aliniuliza swali moja: "Mwanangu, nianzie wapi?" Nakiri kwamba siku ile sikuwa na jibu la kumtosha. Nililazimika kwenda kusoma, na haya ndiyo niliyoyapata.

Tuanze na mstari wenyewe, maana wengi wetu hudhani uliwekwa na serikali za uhuru. Uliwekwa mwaka 1886 katika mapatano ya Uingereza na Ujerumani. Ulianzia mdomo wa mto Umba pwani, ukaenda hadi ziwa Jipe, ukavuka mto Lumi, kisha ukapita katikati ya nchi ya Wataveta na nchi ya Wachaga kabla ya kuzunguka mlima Kilimanjaro kwa upande wa kaskazini. Waliouchora hawakumwuliza mtu anaoa wapi wala ananunua wapi chumvi. Ndiyo maana hadi leo wako watu wenye shangazi huku na mjomba kule, na wanaona ajabu kuombwa karatasi ili wakazike ndugu yao.

Hata hivyo mstari huo ukifungwa huwa umefungwa kweli. Wazee wetu wanakumbuka Februari 1977, Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki ilipovunjika na Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya. Haukufunguliwa tena hadi Novemba 1983. Vijana nao wanakumbuka Mei 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, Kenya ilipozuia watu kuvuka na kuruhusu malori ya mizigo peke yake, tena kwa dereva aliyepimwa. Aliyekuwa analala huku na kufanya kazi kule alipoteza kibarua chake kwa tangazo la siku moja. Anayetegemea mshahara wa ng'ambo ni vema asisahau miaka hiyo anapopanga matumizi ya nyumbani.

Sasa tuje kwenye kuvuka kwenyewe. Tangu mwaka 2016 Holili na Taveta ni kituo cha pamoja cha forodha, na bado wako wakazi wasioelewa namna kinavyofanya kazi. Anayetoka Tanzania kwenda Kenya hasimami Holili. Hupita moja kwa moja hadi jengo la Taveta, ambako humkuta ofisa wa Tanzania anayemgongea muhuri wa kutoka na, dirisha linalofuata, ofisa wa Kenya anayemgongea muhuri wa kuingia. Jioni mambo hugeuka: maofisa wa nchi zote mbili atawakuta katika jengo la Holili. Kwa hiyo anayesema "nilipita Holili asubuhi sikuona mtu wa kunigongea" huenda anasema kweli, lakini kama hakuingia katika jengo la Taveta, basi kisheria hajatoka Tanzania wala hajaingia Kenya.

Hesabu ya mihuri nayo ina uzito wake. Mwenye kuvuka kila siku hupata mihuri minne: kutoka na kuingia asubuhi, kutoka na kuingia jioni. Kwa siku tano za juma ni mihuri 20. Ikiwa ukurasa mmoja unabeba minne, kurasa tano zimekwisha kwa juma moja. Ni kweli kwamba hili ni tatizo, na sioni haya kusema kwamba utaratibu wa sasa uliandaliwa kwa msafiri wa mbali kuliko jirani wa kila siku. Ziko ruhusa fupi za ujirani mwema kwa anayekwenda sokoni, msibani au kumwona mgonjwa. Maofisa wa Uhamiaji hueleza masharti yake. Lakini ruhusa ya kwenda sokoni si ruhusa ya kuajiriwa, na hapo ndipo wengi hujikwaa. Wala kitambulisho chetu cha taifa si hati ya kusafiria kwenda Kenya. Wakenya, Waganda na Wanyarwanda walikubaliana mwaka 2014 kutembeleana kwa vitambulisho. Tanzania haikuwa katika mapatano hayo.

Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyotiwa saini Novemba 2009 na kuanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, inampa raia wa nchi mwanachama haki ya kuingia nchi nyingine na kukaa hadi miezi sita bila viza. Hii ni haki ya kutembea. Haki ya kufanya kazi iko katika kifungu kingine, nayo ina mipaka: kila nchi iliorodhesha aina za kazi ilizozifungulia majirani, nyingi zikiwa za wenye taaluma na ufundi uliosomewa. Aliyepata kazi isiyozidi siku 90 huombewa pasi maalumu. Aliyepata ya muda mrefu zaidi anatakiwa kuomba kibali cha kazi ndani ya siku 15 tangu kuingia mkataba. Basi anayesema "sisi ni Afrika Mashariki moja, kibali cha nini" anasema nusu ya itifaki na kuiacha nusu.

Nirudi kwa yule mama, kwa sababu suala la mkataba na ajali ndilo lililonichukua muda mwingi kuliko yote. Mfanyakazi aliye Kenya analindwa na sheria za Kenya, hata kama usiku analala Tanzania. Sheria yao ya Ajira ya mwaka 2007 inataka mkataba wa miezi mitatu au zaidi uwe wa maandishi, na wajibu wa kuuandika ni wa mwajiri. Kesi ikifika mbele ya sheria na mwajiri akakosa kuonyesha maandishi, ni juu yake kukanusha masharti ambayo mfanyakazi anayataja. Aidha, kibarua wa kutwa aliyefanya kazi mfululizo kwa mwezi mmoja au zaidi hahesabiwi tena kuwa wa kutwa. Sikuyajua haya, na nadhani wengi wanaovuka kila alfajiri hawayajui.

Kuhusu kuumia, ipo sheria nyingine ya mwaka huohuo 2007 ya mafao ya ajali kazini. Inamtaka mwajiri awe na bima kwa ajili ya wafanyakazi wake na aitaarifu ofisi ya serikali ajali inapotokea, ndani ya siku saba, au saa 24 ikiwa mtu amefariki. Dai la fidia liwasilishwe ndani ya miezi 12 tangu siku ya ajali. Nilipolisoma hilo nilimpigia simu mama yule usiku uleule kumwuliza tarehe. Ilikuwa imepita miezi minane.

Tukaanza kutafuta ushahidi. Mkataba hakuwa nao, lakini mshahara wake ulikuwa ukitumwa kwa simu, na jumbe zake alikuwa hajazifuta. Picha ipo aliyopigwa sikukuu ya Krismasi akiwa na aproni yenye jina la hoteli. Zahanati aliyotibiwa siku ya kwanza ilikuwa na kumbukumbu yenye tarehe. Mhudumu mwenzake, mwenyeji wa kule, alikubali kueleza aliyoyaona. Kilichomtia hofu ni kibali. Mwajiri asiye mwema hujua kwamba asiye na kibali haendi kushtaki, na hofu hiyo huwa kama sehemu ya mshahara anaoupunja. Mama yule aliamua kwenda hata hivyo, akiongozana na mdogo wake, na safari hii alipita kituoni, akagonga muhuri.

Katika kuhangaika huko nilikutana na ushauri ambao huzunguka vijiweni, nao ni huu: "tafuta kitambulisho cha Kenya, mambo yote yatakwisha." Ndugu mwananchi, usiuguse. Majina yetu yanafanana na ya majirani, lugha zinafanana, na wapo watakaokuambia ni jambo dogo. Kenya inaruhusu uraia pacha tangu katiba yake ya mwaka 2010. Tanzania hairuhusu kwa mtu mzima. Anayejipatia uraia wa nchi nyingine kwa hiari yake hupoteza wa Tanzania, na anayejipatia kitambulisho kwa maelezo ya uongo ametenda kosa kule. Mtu anaweza kuingia hoteli kama mpishi na kutoka akiwa hana nchi anayoweza kuitaja bila kusitasita.

Kodi na akiba nitayapitia kwa ufupi. Mwenye makazi ya kudumu Tanzania na aliyekuwapo nchini sehemu yoyote ya mwaka huhesabika mkazi kwa sheria ya kodi ya mapato, na mkazi hutozwa kwa mapato ya ndani na ya nje. Makubaliano ya Jumuiya ya kuzuia kutozwa kodi mara mbili yalitiwa saini Novemba 2010, lakini hayajaanza kufanya kazi; hata hivyo sheria yetu yenyewe hutambua kodi iliyolipwa nje, mradi uwe na uthibitisho. Kwa hiyo kila mwisho wa mwaka mwombe mwajiri fomu P9, ndiyo inayoonyesha mshahara na kodi iliyokatwa Kenya. Michango ya hifadhi ya jamii inayokatwa kule haihami yenyewe kuja katika mfuko wetu. Tunza namba ya uanachama, na ukiweza jiandikishe NSSF ya huku kama mchangiaji wa hiari. Na fedha unayoleta nyumbani ibadilishe mahali penye leseni. Kanuni za mwaka 2025 zinazuia kuuziana bidhaa na huduma za ndani ya nchi kwa fedha za kigeni, na duka la Holili liko ndani ya nchi hata kama limepakana na Taveta.

Afya isisahauliwe. Beba cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Tangu Julai 2016 cheti hicho kinadumu maisha yote kwa kanuni za Shirika la Afya Duniani, hivyo asikudanganye mtu kwamba cha zamani kimekwisha muda. Asiyechanjwa ajue kwamba cheti huanza kutambulika siku kumi baada ya sindano. Mama atakayejifungua ng'ambo achukue karatasi ya kizazi ya hospitali na kufuatilia cheti cha huko. Ndicho kitakachoanza safari ya kuthibitisha uraia wa mtoto kwa nasaba, na kukitafuta baada ya miaka saba, mtoto anapotakiwa shuleni, ni kazi ngumu mno.

Nao waajiri wa upande wetu wasisome haya kana kwamba yanawahusu wengine. Walimu, mafundi na wapishi kutoka Kenya wapo katika kata zetu, nao hulala kwao na kuja asubuhi. Sheria ya Ajira kwa Wageni ya mwaka 2015 inataka wawe na kibali cha kazi kutoka kwa Kamishna wa Kazi, na baadaye kibali cha ukaazi kutoka Uhamiaji. Haki ya mkataba wa maandishi na fidia ya ajali ni yao pia.

Dai la mama yule lilipokelewa mwezi wa kumi tangu ajali, likapewa namba. Hadi tunakwenda mitamboni alikuwa bado anasubiri wito, na mkono wake unaweza kushika mwiko lakini si sufuria iliyojaa.

Mwenye shauri la namna hii afike kwa Afisa Mtendaji wa Kata yake apate barua ya utambulisho, akiwa na kitambulisho au namba ya NIDA, hati yoyote ya kusafiria, kumbukumbu za malipo hata kama ni jumbe za simu, karatasi za matibabu, na tarehe ya tukio iliyoandikwa. Tarehe ndiyo tutakayoiuliza kwanza.