Njia panda ya Bunda

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Buswelu, Mwanza. Wa kwanza ana miaka 13, wa pili 9, wa mwisho 4. Mwaka huu mume wangu kapata likizo ya kweli, ya kwanza tangu tuoane. Tumekubaliana shule zikifungwa Juni twende tukakae wiki nzima kwenye mji mdogo uliotulia kando ya ziwa, tupumzike na kelele za jiji. Gari dogo tunalo. Yeye anataka twende Nansio, Ukerewe. Tatizo ni mama yangu mzazi, tunaishi naye, ana miaka 68. Mama yangu mdogo alikuwa ndani ya meli ya MV Bukoba ilipozama. Tangu mwaka ule mama hajapanda chombo chochote cha majini, hata kivuko cha Kamanga hakipandi. Mume wangu anasema mama abaki nyumbani na dada wa kazi. Mimi roho inaniuma. Halafu kuna habari za kichocho, naogopa kuwaacha watoto wacheze majini. Shangazi, tuahirishe?

Mama wa Watatu, Mwanza



Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote tatu nimetafuta jambo moja nisilione: mama mwenyewe anasemaje? Baba watoto kasema. Wewe umesema. Watoto nao, nina hakika, wana lao. Mama hajaulizwa. Mmemwonea huruma mpaka mmemsahau.

Msiahirishe. Ila kabla ya kupiga simu hata moja ya kutafuta nyumba, kaa na mama. Usimwite sebuleni kama mnafanya kikao cha ukoo, atadhani kuna msiba. Siku mkichambua dagaa, sinia liko katikati yenu, unatoa vichwa naye anatoa vichwa, mwambie: "Mama, tunataka kwenda ziwani wiki moja, na wewe tunakutaka." Kisha nyamaza. Endelea na dagaa wako. Mtu mwenye jambo zito moyoni huongea vizuri zaidi mikono ikiwa na kazi na macho yakiwa na pa kuangalia.

MV Bukoba ilizama asubuhi ya 21 Mei 1996, ikiwa karibu kabisa kufika Mwanza, na watu iliowabeba walipita uwezo wake. Waliokufa wanahesabiwa zaidi ya 800. Wengi wamelala pale Igoma, umbali mfupi tu kutoka hapo mnapoishi. Inawezekana mama akakwambia hataki kusikia habari ya maji. Inawezekana akasema, kabla ya safari yoyote nipelekeni kwanza Igoma. Inawezekana pia, na hili wengi hawalitegemei, akasema amesubiri miaka yote hii mtu amwambie twende. Huwezi kujua kwa kukisia, na baba watoto hawezi kujua kwa kuamua. Kumwacha na dada wa kazi si kosa kama mwenyewe amechagua kubaki na kitanda chake. Kumwacha kwa sababu mmeona aibu kumuuliza, hilo litakaa kati yenu muda mrefu.

Sasa njia. Watu wa Mwanza tukisikia Ukerewe tunafikiria meli tu, ile ya kutoka Bandari ya Kaskazini, saa tatu hivi majini mpaka Nansio. Kwa mama yako hizo ni saa nyingi mno kwa mara ya kwanza. Mna gari, basi liendesheni: Magu, Lamadi, Bunda. Bunda ndipo ninapotaka muweke mpango wenu wote, kwa sababu pale pana njia panda. Ukikata kushoto unakwenda Kisorya, ambako kivuko kinabeba watu na magari kuwavusha hadi Rugezi, upande wa Ukerewe, kwa muda wa nusu saa hivi. Ukinyoosha unafika Musoma bila kugusa maji hata kidogo.

Kwa hiyo msiwe na mji mmoja, muwe na miwili. Nansio ni mji mdogo kweli, kelele zake ni za baiskeli, bodaboda na soko. Musoma ni mkubwa kidogo, umekaa kwenye rasi yenye mawe na mchanga, maji yakiwa karibu kila upande, na jioni zake zina utulivu ambao Mwanza tulishaupoteza. Tafuteni nyumba au loji kote kuwili, zungumzeni na wenye nyumba ukweli, na msilipe fedha yote mapema. Kama kuna arubuni ya kupoteza upande mmoja, ihesabuni kama nauli ya mama. Watoto waambieni tangu mwanzo kwamba safari ina majina mawili, ili mama asije akaonekana ndiye aliyewanyang'anya kisiwa.

Wala hakuna upande wa hasara. Mkiishia Musoma, Butiama haiko mbali: pana kaburi la Mwalimu Nyerere na makumbusho yake yaliyofunguliwa 1999, na mtoto wa miaka 13 ameshafika umri wa kuyaona kwa akili yake mwenyewe. Mkivuka, mtakuwa kwenye kisiwa kilichotupa Aniceti Kitereza na Euphrase Kezilahabi. Kitabu cha Kitereza cha Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, alichokiandika kwa Kikerewe kisha akakitia mwenyewe kwenye Kiswahili, ndicho ningekipakia mimi. Ni kinene, hamtakimaliza. Lakini mama akisomewa kurasa chache jioni na mjukuu wake, mambo ya wakwe, mashamba na uvuvi wa zamani, atamsahihisha mjukuu kila baada ya aya mbili, na hapo ndipo mtajua yuko likizo.

Kuhusu chombo chenyewe nitasema bila kuzunguka. Kivuko cha MV Nyerere kilipinduka tarehe 20 Septemba 2018, mita chache tu kabla ya kufunga gati kisiwani Ukara. Kilikuwa na uwezo wa kubeba watu 101, na waliokufa walikuwa 228. Angalia, MV Bukoba karibu na Mwanza, MV Nyerere karibu na gati. Mwisho wa safari ndipo watu husimama, hubeba mizigo na kusogea wote upande mmoja wa kushukia. Nyinyi kaeni mlipokaa mpaka kamba zifungwe. Kila mtoto avae jaketi okozi la saizi yake tangu mnaingia. Jaketi la mtu mzima kwa mtoto wa miaka 4 humteleza kichwani akishaingia majini, kwa hiyo ni bora mkamtafutia lake Mwanza kabla ya safari. Kivuko kikionekana kimejaa kupita kiasi, rudini nyuma msubiri kinachofuata. Kupoteza saa mbili Kisorya, mkila samaki wa kukaanga kivulini, si kupoteza kitu. Na mama yako akisema "hiki hapana", usibishane naye. Jicho lake kwenye mambo haya linaona kuliko letu.

Sasa kichocho, na hapa nitakaa kidogo, maana nilikipata mwenyewe nikiwa darasa la tano. Mchana wote tulikuwa tunaogelea penye matete, kwa sababu matete yanatuliza mawimbi na sisi wadogo tulipenda maji yaliyotulia. Tumbo liliniuma miezi kadhaa, nikapungua, mama akadhani ni chango. Mwishowe nikapewa vidonge vikubwa vyeupe, vichungu mpaka leo nikivikumbuka ulimi unakunjamana.

Wengi wetu tumekua tukijua kwamba kichocho ni kukojoa damu. Kipo hicho, lakini cha ziwa letu ni cha matumbo. Minyoo yake hukaa kwenye mishipa ya damu ya tumbo, huharibu utumbo na ini polepole, na damu ikionekana huonekana kwenye choo kikubwa. Mara nyingi haionekani kabisa kwa miaka. Mayai hutoka na kinyesi cha mgonjwa, yakifika majini yanaangua, vijidudu vinaingia kwa konokono wadogo, na kutoka kwa konokono vinaingia kwa binadamu kupitia ngozi. Hakihitaji kidonda, hakihitaji mtu anywe maji. Miguu iliyosimama majini dakika chache inatosha. Konokono wenyewe ukiwatafuta utawaona wamejishikiza kwenye mashina ya matete na kwenye mawe: wadogo, bapa, wamejiviringisha kama kifungo cha shati.

Kwa hiyo wa miaka 4 asiingie ziwani. Mchanga unamtosha. Mpe sufuria kuukuu na kijiko, na ndoo ya maji ya bomba, ajenge anachotaka. Wakubwa wawili sikudanganyi, wataingia, labda uwafunge kamba. Basi angalau mkae penye mchanga ulio wazi unaopigwa na mawimbi, mbali na matete, mbali na mwalo na mahali watu wanapofulia, na isiwe saa za jua kali, maana mchana ndipo vijidudu hivyo vinamwagika kwa wingi. Hilo linapunguza hatari, haliiondoi. Ufukwe usio na kichocho kabisa katika ziwa hili mimi siwezi kukuapia, na anayekuapia anauza kitu. Hoteli yenye bwawa la kuogelea ikipatikana kwa bei mnayoiweza, nendeni nayo. Tena, kabla mtoto hajavua hata viatu, waulizeni wenyeji habari za mamba na viboko wa eneo lile. Waulizeni wavuvi na akina mama wachota maji, si mlinzi wa loji tu.

Maji ya kuogea kama yamechotwa ziwani, yakae kwenye pipa lenye mfuniko siku mbili, au yachemsheni. Vijidudu hivyo haviishi muda mrefu bila kupata mwili. Na jambo moja ambalo watu hulikosea sana: usiwanyweshe watoto dawa siku mnayorudi nyumbani ukadhani umemaliza. Prazikwanteli huua minyoo iliyokomaa, michanga hupona. Subiri wiki 6 hadi 8, uwapeleke kituo cha afya wakapimwe. Wakubwa wako wanaijua dawa hiyo, ndiyo ile wanayogawiwa shuleni baada ya kusimamishwa kwenye fimbo ya kupimia urefu. Mdogo naye kama aliwahi kugusa maji, aonwe na daktari, asimegewe kidonge cha wakubwa wake.

Nyumba sitaisemea mengi. Chukueni yenye jiko, ili asubuhi uende mwaloni mwenyewe ukachague sato aliye bado na macho maangavu. Ila muulizeni mwenye nyumba mwalo uko mbali kiasi gani. Dagaa wakianikwa mchangani karibu na dirisha lenu, mtakula na nzi na kulala na harufu. Chandarua bebeni cha kwenu, kila kitanda na chake, kwa kuwa vya wageni huwa na matundu na malaria ya kanda hii haina likizo. Kuna jioni wadudu wa ziwani hupanda kama moshi mweusi juu ya maji kisha wakafuata taa. Hawaumi, lakini huingia kwenye chai, kwenye ugali, kwenye macho ya mtoto. Zimeni taa ya barazani, kaeni gizani.

Na kukaa gizani kuna malipo yake. Tazameni kalenda ya mwezi kabla ya kupanga tarehe. Mbalamwezi ikiwa kali, wavuvi wa dagaa hupumzika, taa zao hazivuti samaki. Giza la mwezi likiingia, wanatoka na karabai. Siku hizi nyingi ni za betri au sola, lakini jina limebaki. Zikishawashwa zote huko mbali, utadhani kuna mji mwingine umeota juu ya maji. Nataka mama yako auone usiku huo, akiwa amejifunga kanga yake, miguu iko kwenye ardhi kavu. Miaka yote hii ziwa kwake limekuwa lile lililomchukua mdogo wake. Sisemi lisiwe hivyo tena, wala msimwambie alisamehe.

Dawa zake za presha, kama anatumia, zizidi za wiki moja. Hospitali ya wilaya ipo Nansio na Musoma kuna ya mkoa, lakini kidonge alichokizoea ni bora kiwe kwenye mkoba wake.

Baba watoto naye ana haki yake, usimfanye mkosaji. Mtu ambaye hajawahi kupata likizo tangu aoe ana haraka ya kuipata. Mwonyeshe barua hii kama unaona itasaidia, kisha mkubaliane jambo moja tu kabla ya kuondoka: mkifika Bunda mtasimama. Mtashuka wote, mtaagiza chai na chapati, watoto watakimbia kimbia. Mama akishakunywa chai yake, baba watoto ndiye amuulize, si wewe: "Mama, tukate kushoto au tunyooshe?" Na ufunguo wa gari uwe juu ya meza mpaka atakapojibu.