Kukazia Neno kwa Kijapani

Anayezungumza Kiswahili huanza Kijapani akiwa na mtaji: irabu tano zinazokaribiana sana na zetu, na silabi nyingi zinazoishia kwa irabu. Mtaji huo humponza. Huja na mkazo wake wa silabi ya pili kutoka mwisho, na mkazo wetu huivuta silabi kidogo. Akitaka kusema biru, jengo la ghorofa, anaivuta bi, na Mjapani anasikia biiru, yaani bia. Obasan, shangazi, anageuka obaasan, bibi. Na kadiri anavyokazana ili aeleweke, ndivyo anavyozidi kumzeesha shangazi wa watu.

Basi kwanza acha nguvu, acha kuvuta. Katika Kijapani cha Tokyo kazi kubwa hufanywa na kidatu, kupanda na kushuka kwa sauti. Ame ikianzia juu ikashuka ni mvua. Ikianzia chini ikapanda ni peremende. Unapokazia neno, mahali pake pa kushukia hapahami. Kinachobadilika ni kimo.

Chukua sentensi hii: Ani ga pan o tabeta, kaka yangu alikula mkate. Ani, pan na tabeta yote huanzia juu kisha yakashuka, na ukisema bila kukazia chochote, kila kilele huwa chini kidogo ya kilichotangulia. Sasa mtu akiuliza ni nani aliyekula, pandisha a ya ani kupita kawaida, kisha yabane yote yanayofuata, yapite chini, karibu bapa. Akiuliza kaka alikula nini, sema ani kwa utulivu, panda upya kwenye pan, halafu ifinye tabeta. Huku kufinya ndiko wanafunzi wengi hukusahau, nami naona ndiko kwenye uzito kuliko kupanda kwenyewe: ukipandisha pan na bado ukaichezesha tabeta, msikilizaji hajui ashike lipi.

Kuvuta nako kuna mahali pake, kwenye maneno ya hisia. Sugoi huwa suggoi au sugooi, totemo huwa tottemo. Hayo ni ya marafiki. Kwenye usaili wa kazi yaache mlangoni.

Kwa mazoezi, fungua OJAD, kamusi ya lafudhi ya Chuo Kikuu cha Tokyo iliyo bure mtandaoni. Sehemu yake iitwayo Suzuki-kun huchora mstari wa kidatu wa sentensi utakayoibandika. Ufuate mstari huo kwanza kwa kuguna, mdomo umefumbwa, ndipo uweke maneno. Kisha chagua neno moja la kukazia, jirekodi kwa simu, na ukisikiliza tega sikio kwa yale yaliyo baada yake. Ila mchoro huo ni wa lafudhi ya Tokyo. Huko hashi inayoanzia juu ni vijiti vya kulia na inayopanda ni daraja. Osaka ni kinyume chake.