Jumanne ya Mapanga Mawili

Mwalimu aliyekuwa na miaka 30 mwishoni mwa Aprili 1994, Wanyarwanda wapatao robo milioni walipovuka daraja la Rusumo ndani ya siku moja na usiku wake, alitimiza miaka 60 mwaka 2024. Kizazi hicho, kilichoshika chaki wakati kambi ya wakimbizi ya Benaco, huku kwetu Ngara, ilikuwa mji wa mahema, sasa kimerudi shambani. Wako Kabanga, Rulenge na Murgwanza, na ukiteremka na barabara kuu kuelekea Nyakahura na Biharamulo utawakuta pia, bado wanaitwa Mwalimu na watu wazima wenye wajukuu. Mimi ni mmoja wao.

Mstaafu wa kizazi hiki alipitia mengi kabla ya kukabidhi funguo za ofisi. Sheria ilimruhusu kuondoka kwa hiari akiwa na miaka 55, lakini wengi walingoja 60 ya lazima. Katikati hapo mifuko ya pensheni ikaunganishwa kuwa PSSSF mwaka 2018, kikokotoo cha Julai 2022 kikashusha mkupuo hadi asilimia 33, kisha mwaka 2024 serikali ikaupandisha hadi 40 kwa wale waliokuwa wakitarajia 50. Semina za wanaokaribia kustaafu zinazungumzia sana fedha hizo, na ni sawa. Kuhusu wiki, yaani namna ya kuishi kuanzia Jumatatu hadi Jumapili bila kengele ya shule, mtu haambiwi kitu.

Na wiki ndiyo inayomchosha. Kabla hajamaliza mwezi nyumbani, mtaa mzima umekwisha kumpangia kazi. Kamati ya harusi inamtaka awe mweka hazina kwa kuwa "Mwalimu sasa ana nafasi." Kanisani anapewa jumuiya. Mtoto aliyeko Mwanza analeta mjukuu. Kikundi cha hisa kinamkabidhi ufunguo mmoja wa sanduku lenye kufuli tatu, na hapo hawezi tena kukosa mkutano hata mmoja. Haya yote ni mambo mema, lakini yakiachwa yajipange yenyewe, shamba hubakiwa na dakika za jioni, na shamba la migomba la Ngara haliishi kwa dakika za jioni.

Ratiba ya kubandika ukutani haisaidii. Kinachosaidia ni kazi moja isiyokubali kuahirishwa, ambayo siku nyingine zote zinaizunguka. Hatua za kuipanga wiki nitazitaja, ila lazima nianze na siku hiyo, kwa sababu mwezi wa Oktoba, mvua za vuli zikiwa zimeshika, palitokea jambo mlangoni kwangu ambalo bado linanipa nguvu nikilikumbuka.

Siku yenyewe ni Jumanne, na aliyeiweka ni mnyauko.

Mnyauko wa migomba husababishwa na bakteria aina ya Xanthomonas. Ulijulikana kwanza Ethiopia, ukaonekana Uganda mwaka 2001, na mwaka 2006 ukaripotiwa Kagera. Hauna dawa ya kunyunyizia. Majani hulegea na kugeuka manjano kama yaliyomwagiwa maji ya moto. Ndizi huiva zikiwa changa, na ukizipasua unakuta madoa ya rangi ya kutu ndani. Anayetaka uhakika hukata mgomba na kungoja dakika chache: usaha wa manjano hafifu huanza kutoka kwenye jeraha.

Kwa miaka mingi ushauri ulikuwa mmoja: ng'oa shina zima, mama, mtoto na mjukuu, kisha uzike. Mtu wa miaka 60 akiambiwa hivyo anaona vibarua, majembe na pensheni ya mwezi ikiteketea kwenye shimo. Baadaye majaribio yaliyofanywa mashariki mwa Kongo yalionyesha kwamba bakteria hawafiki kwenye kila chipukizi la shina moja. Ukiukata mapema ule mgomba mmoja wenye dalili, usawa wa ardhi, na ukarudia ukaguzi bila kukoma, ugonjwa hupungua hadi shamba likaendelea kulisha nyumba. Hii ni njia iliyoumbwa kwa ajili ya mstaafu. Haitaki misuli, inataka mtu anayepita kila wiki, siku ileile, mstari kwa mstari, akitazama kila mgomba usoni kama alivyokuwa akikagua madaftari. Mtumishi aliye kazini hana nafasi hiyo. Kijana anayefukuzia dhahabu Geita hana subira hiyo. Mstaafu anavyo vyote viwili.

Sasa, watafiti wa ukanda wa Maziwa Makuu wameona kwamba kwenye nyanda za juu, kupita mita 1,700 hivi, wadudu huchangia kidogo sana kuhamisha ugonjwa huu. Vilima vya Ngara vinafika huko. Maana yake ni kwamba huku kwetu mnyauko hutembea zaidi kwa mikono ya watu: kwa machipukizi ya kuazimana, na kwa panga. Na hakuna panga linalotembea kuliko la mnunuzi wa ndizi.

Mnunuzi yule wa Oktoba alikuja na lori dogo la Kanta na vijana wawili. Alinisalimia vizuri.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Mmetokea wapi leo?"

"Tumepakia kule bondeni. Tukate haraka, Mwalimu, gari linatakiwa Lusahunga kabla ya giza."

Akachomoa panga chini ya kiti. Lilikuwa na utomvu mweusi uliokauka kutoka ncha hadi mpini, utomvu wa mashamba ambayo hata yeye hakuweza kuyataja yote. Nikamwambia panga hilo halivuki mstari wa mchaichai ulio mpakani mwa shamba langu. Akasema panga ni panga. Nikamwonyesha jiko lililokuwa likiwaka na mapanga yangu mawili, nikamwambia vijana wake wanakaribishwa kukata kwa hayo. Akasema kama ni hivyo atapunguza bei ya kila mkungu, kwa sababu nampotezea muda. Nikamjibu kwamba mkungu unaoiva nyumbani tutaula sisi na majirani, lakini shina likinyauka, yeye hatarudi kunilipa.

Aliondoka amekasirika, gari likashuka kwa jirani yangu wa chini, nesi mstaafu. Kule nako alikuta jiko linawaka na mlango umefungwa kwa maneno yaleyale, maana yule mama hapokei mzaha kwenye mambo ya vijidudu. Haukupita muda Kanta ikapanda tena. Vijana walikata kwa mapanga yangu, kwa bei tuliyokubaliana mwanzo, na mmoja wao akaniuliza kwa makini jinsi ninavyofanya. Nilimweleza yote, na nayaeleza tena hapa, kwa sababu wengi wanajua kwamba panga lichomwe moto, lakini wachache wanaweza kulichoma asubuhi nzima bila kukata tamaa.

Tatizo la panga moja ni kusubiri. Mtu anakata, anarudi kwenye moto, anasimama, anakata, anarudi. Kwenye shina la tatu amechoka, na kwenye la nne anajiambia kwamba mgomba huu unaonekana mzima. Mapanga mawili yanaondoa kishawishi hicho. Moja liko mkononi, jingine liko kwenye makaa. Ukimaliza shina moja unabadilishana. Hakuna dakika ya kusubiri, kwa hiyo hakuna sababu ya kuruka.

Jiko liwe dogo, la mkaa, hata lile kuukuu la jikoni, na lisafiri. Mimi naliweka ndani ya karai, karai ndani ya toroli, na toroli linanifuata mstari kwa mstari. Moto ukibaki nyumbani, utautumia mara mbili tu. Vijiti vinavyopogolewa kwenye mikaratusi na migrivelia vinatosha kuuendeleza, na hilo nalisisitiza kwa sababu waliokuwepo wanakumbuka jinsi vilima vinavyozunguka Benaco vilivyobaki vipara kwa kuni za kambi. Hakuna haja ya kuangusha mti ili kuokoa mgomba.

Kabla ya kuliweka kwenye makaa, futa panga kwa jani kavu na jani hilo litupe motoni. Utomvu mzito unaziba chuma na kuficha uchafu chini yake. Kisha liache hadi lisishikike kwa mkono. Tone la maji likidondoshwa juu yake linapaswa kuchemka na kutoweka. Usingoje chuma kiwe chekundu! Hapo ndipo watu wanapoharibu makali na kusema kwamba ushauri wa wataalamu unaua mapanga. Chuma kikiwa chekundu kinalainika. Kikiwa cha moto tu kinabaki na makali yake miaka. Wala usilitumbukize kwenye maji lipoe. Lipeleke moja kwa moja kwenye kazi. Mgomba umejaa maji na wenyewe utalipoza.

Mipini nimeizungushia vipande vya mpira wa tyubu, mmoja mwekundu na mmoja mweusi, ili kibarua akiniambia "nimebadilisha," nione kweli amebadilisha. Na mapanga yenyewe yawe mazito. Chapa ya mamba haijawahi kuniangusha. Yale mepesi yanayotandazwa chini siku ya gulio, yenye rangi ya kung'aa na mpini uliobandikwa haraka, hujikunja kwenye moto wa kwanza, na muuzaji siku hiyo hayupo.

Kuna wanaopendelea Jik, kipimo kimoja kwa vitano vya maji, na ni njia nzuri ikiwa Jik ni Jik. Lakini chupa zisizo na lebo zinazojazwa na kujazwa upya nyuma ya vibanda sizitaki shambani kwangu. Niliwahi kununua moja ambayo hata doa la chai haikuliondoa. Kumuuzia mkulima maji yenye harufu ni kumuuzia mnyauko. Moto hauwezi kuchakachuliwa.

Baada ya Jumanne kukaa imara, siku nyingine zinajipanga kwa wepesi. Jumatatu ni ya benki, hospitali na kufuatilia karatasi za uhakiki wa pensheni. Jumatano ni ya kikundi, na mchana wake redio iko dirishani: Radio Kwizera, iliyoanzishwa Ngara mwaka 1995 na shirika la Wajesuti la kuhudumia wakimbizi, ambayo ilibaki hata baada ya kambi kufungwa. Ijumaa ni ya wajukuu na nguo. Jumamosi ni ya harusi na misiba, na mstaafu asijidanganye kuipangia kitu kingine. Jumapili inajulikana. Anayeomba Jumanne anajibiwa kwa upole kwamba siku hiyo iko shambani, na baada ya kukataliwa mara kadhaa watu huzoea, hata vikao vya harusi huhamia Jumatano jioni.

Iliyobaki ni Alhamisi, siku ya Biharamulo, kila ninapopata nauli ya mchomoko, gari dogo la abiria. Dada yangu anaishi upande wa Nyakahura, kwenye barabara ileile ya malori ya Lusahunga hadi Rusumo, kilomita 92 za vumbi la matairi na kelele za breki. Huko ardhi iko chini kuliko kwetu, kuna joto zaidi, na wadudu wana nguvu. Nyuki ni wengi, kwa kuwa msitu uko karibu. Mapori ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yaliunganishwa mwaka 2019 kuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato. Dada ana mizinga na anaitegemea. Lakini nyuki haohao, pamoja na nyigu na nzi, hufuata utamu kwenye ua dume, ule moyo mwekundu unaoning'inia chini ya mkungu, na wakitoka kwenye mgomba mgonjwa hubeba bakteria hadi kwenye makovu mabichi ya mgomba mzima.

Kwa hiyo kwake panga peke yake halitoshi. Ua dume linaondolewa mara tu chane ya mwisho inapojitokeza, kabla wadudu hawajazoea njia, na linaondolewa bila chuma. Anatumia mti mrefu wenye panda. Panda ya mkahawa ni bora, kwa sababu mti wake ni mgumu na haupasuki. Anaifunga kwenye fito ya mkaratusi, anaingiza kikonyo kwenye panda, anazungusha mara moja, na ua linakatika kwa mlio mkavu. Asubuhi ndiyo saa yake, kikonyo kikiwa kimejaa maji. Kuvuta hakufai, maana kunaweza kuangusha mkungu mzima. Mikungu iliyovunjwa ua mapema hunenepa zaidi, na wanunuzi wa pale barabarani wameanza kuliona hilo. Maua yaliyoanguka kwenye shamba safi anawapa ng'ombe. Kwenye shina lenye dalili yanabaki palepale yakauke, na ng'ombe hawafunguliwi kupita humo.